Kuaminika kwa Vipimo vya Utendaji: Funzo Kutoka Hospitali za Wanajeshi Wastaafu wa Marekani

Ukaguzi wa utendaji huuliza kama taasisi ya umma imefikia lengo lake. Ukaguzi wa kuaminika kwa vipimo huuliza kama takwimu zinazotumika kudai mafanikio hayo zinasema kweli. Swali hili la pili hutangulia la kwanza, kwa kuwa takwimu isiyoaminika haithibitishi mafanikio wala kushindwa.

Mfano dhahiri unapatikana katika hospitali zinazohudumia wanajeshi wastaafu nchini Marekani. Katika mwaka wa fedha 2011, lengo liliwekwa kwamba mgonjwa apate miadi ndani ya siku 14. Siku hizo zilihesabiwa kuanzia tarehe ambayo mgonjwa au daktari alitaka miadi ifanyike, na aliyeiingiza tarehe hiyo katika kompyuta ni karani. Udhaifu wa kipimo ulianzia hapo. Karani akitafuta kwanza nafasi iliyo wazi, kisha akaiandika kuwa ndiyo tarehe aliyoitaka mgonjwa, muda wa kusubiri husomeka sifuri, hata kama mgonjwa amengoja miezi mitatu.

Desemba 2012, chombo cha ukaguzi cha Bunge la Marekani kilitoa taarifa kwamba takwimu hizo haziaminiki. Wakaguzi hawakuishia kujumlisha upya hesabu za makao makuu, bali walitembelea vituo 4 vya tiba na kuchunguza namna miadi ilivyopangwa. Walibaini kwamba maana ya tarehe inayotakiwa haikuwa wazi, na kwamba makarani hawakuiandika kwa namna moja.

Uzito wa onyo hilo ulidhihirika mwaka 2014 katika hospitali ya Phoenix, Arizona. Mkaguzi Mkuu wa wizara husika alichunguza sampuli ya wagonjwa 226. Kwa mujibu wa takwimu za hospitali, wagonjwa hao walisubiri wastani wa siku 24. Ukaguzi ulionesha siku 115. Aidha, wastaafu wapatao 1,700 waliokuwa wakisubiri huduma hawakuwamo kabisa katika orodha rasmi ya kielektroniki. Waziri Eric Shinseki alijiuzulu Mei 30, 2014, na baadaye lengo la siku 14 likaondolewa.

Matokeo hayo yanabainisha kasoro mbili zinazohitaji mbinu tofauti za ukaguzi. Kasoro ya usahihi hugunduliwa kwa kuchukua jina lililo katika orodha na kulifuatilia hadi kwenye kumbukumbu za asili. Kasoro ya ukamilifu haigunduliki kwa njia hiyo, kwani mgonjwa asiyeandikwa haingii katika wastani wowote. Humlazimu mkaguzi aanzie nje ya orodha, kwenye maombi ya huduma na kwa wagonjwa wenyewe, kisha aulize kama majina yao yalifika katika orodha. Mkaguzi anayeanza na kuishia kwenye orodha huthibitisha tu kile ambacho taasisi imechagua kukihesabu.