Gae la Shanga lasema mengi kuliko sahani ya Uchina

WAHENGA walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anayewafinyangia wenzake vyungu na mitungi ndiye hukosa chombo kizima cha kulia chakula chake. Katika visiwa vya Lamu methali hiyo imepata maana ya pili. Chungu cha udongo kilichofinyangwa hapa hapa ndicho ushahidi mkubwa wa asili ya miji ya Waswahili, lakini katika maonyesho na matamasha kinachopewa nafasi ya mbele ni sahani iliyoletwa na jahazi.

Mgeni anayeingia katika Makumbusho ya Lamu, kwenye lile jumba la ufukweni lililokuwa makao ya balozi mdogo wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, aghalabu huongozwa kwanza kwenye siwa mbili, ile ya pembe za ndovu kutoka Pate na ile ya shaba ya Lamu. Kisha hutazama mifano ya majahazi, vitanda vya kuchonga na vyombo vya kauri. Chungu cheusi cha kupikia, chenye masizi na kitako cha mviringo, hakina mvuto huo. Mtu hukipita.

Upendeleo huu ni wa kale kuliko makumbusho yenyewe. Nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zilijengwa na zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa lipu ukutani, na humo sahani na bakuli za ng'ambo zilipangwa ili mgeni azione. Waliotangulia walikwenda mbali zaidi: walizipachika bakuli katika makaburi na misikiti. Katika kaburi la Mwana Hadie Famau mjini Lamu, matundu yalimokuwa vyombo hivyo yangali yanaonekana hata baada ya vyenyewe kung'olewa. Chungu cha nyumbani hakikuwahi kupewa kidaka. Kilikaa jikoni, kikavunjika, kikatupwa jaani.

Ni huko jaani ambako kilipata thamani yake.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, swali la nani aliyejenga miji ya pwani lilijibiwa kwa kutazama vigae vya kigeni. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Manda mwaka 1966, 1970 na 1978 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1984, alikuta humo vyombo vingi kutoka Ghuba ya Uajemi: mitungi mikubwa ya rangi ya samawati iliyopakwa dawa ya kung'aa kama kioo, na bakuli nyeupe za karne ya tisa. Vilifanana na vile vya bandari ya Siraf, iliyokuwa upande wa pili wa bahari. Kwa mtazamo wa siku hizo haikuwa vigumu kuhitimisha kwamba mji wenye vyombo vya Siraf uliasisiwa na watu wa Siraf.

Hoja hiyo ina dosari ambayo mpishi yeyote angeiona. Vikombe vya Uchina vilivyo kabatini leo havimfanyi mwenye nyumba kuwa Mchina. Hata hivyo, ilihitajika kazi ya miaka mingi kuithibitisha dosari hiyo kwa vielelezo.

Kazi hiyo ilifanyika Shanga, gofu lililo kusini mwa kisiwa cha Pate, mwendo wa miguu kutoka Siyu. Mark Horton alianza kuchimbua hapo mwaka 1980 na kitabu chake kikatoka mwaka 1996. Alishuka tabaka baada ya tabaka, kutoka nyumba za mawe za karne ya 14 hadi vibanda vya miti na udongo vya katikati ya karne ya nane. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti midogo iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ile ya mwanzo kabisa ilikuwa ya miti. Katika matabaka yote hayo vyombo vya kigeni vilikuwa asilimia chache tu ya vigae vyote. Vilivyosalia, zaidi ya tisa katika kila kumi, vilikuwa vya udongo wa nchi hii, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa motoni bila tanuri.

Kilichowashangaza wataalamu zaidi ni mapambo yake. Vyungu vya tabaka la chini vilichorwa pembetatu na mistari ya kukatana shingoni, wakati udongo ungali mbichi. Mapambo ya namna hiyo yalikwisha kupatikana bara. Mwaka 1979 David Phillipson alikuwa ameeleza vigae kama hivyo kutoka Wenje, kando ya Mto Tana, mbali na bahari na mbali na jahazi lolote la Siraf. George Abungu, ambaye baadaye alikuja kuongoza Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, alichunguza magofu ya eneo la mdomo wa mto huo na kuukuta mkondo huo huo. Yeye na Horton wakauita mtindo wa Tana. Nchini Tanzania, Felix Chami aliuona katika maeneo mengi ya pwani na bara yake, akaupa jina linalotokana na zile pembetatu. Majina mawili, chungu kimoja, na ubishi wa jina haujaisha. Mwaka 2011 Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones waliulinganisha mtindo huo katika maeneo mengi na kuonyesha kwamba, licha ya kufanana kwa mapambo, kila mahali palikuwa na tabia yake.

Kwa ufupi, watu walioanzisha Shanga walipika katika vyungu vya jamaa zao wa Tana. Biashara ya ng'ambo ilikuwapo tangu mwanzo, na ndoa na wageni zikafuata. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, uliohusisha mabaki ya waliozikwa Manda na Faza miongoni mwa maeneo mengine, umeonyesha mchanganyiko wa asili za Afrika na Asia, huku nasaba ya upande wa akina mama ikiwa ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Msomaji anaweza kuunganisha mawili hayo mwenyewe, ingawa kigae hakina saini ya aliyekifinyanga.

Uchina ni kisa cha pekee. Mwaka 2005, taifa hilo lilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya amiri Zheng He, msichana mmoja wa Siyu alipewa ufadhili wa masomo huko kwa msingi wa simulizi ya ukoo kwamba mabaharia wa Kichina walizama karibu na Pate, wakaoa na kusilimu. Mitungi na bakuli za kale zilizohifadhiwa kisiwani zilitajwa kuwa ushahidi, na wako waliodai kwamba jina Shanga linatokana na Shanghai. Mwaka 2013 sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala kati ya mwaka 1402 na 1424, iliyopatikana Manda na msafara wa Chapurukha Kusimba na Sloan Williams, ilitangazwa katika vyombo vya habari vya dunia nzima.

Simulizi ya ukoo ina heshima yake na si kazi ya gazeti kuibatilisha. Ila vigae havisemi hivyo. Vyombo vya Kichina vilifika Shanga tangu karne za mwanzo za mji huo, miaka mia kadhaa kabla ya Zheng He kuzaliwa, na mji wenyewe ulihamwa kiasi cha mwaka 1425. Bakuli la Uchina lilipita mikono ya wafanyabiashara wengi kabla ya kufika Pate. Sarafu moja ilitosha kuandikiwa vichwa vya habari. Maelfu ya vigae vya udongo wa kawaida, vilivyogeuza historia nzima ya pwani, vimelala katika mifuko ya ghala.

Ufinyanzi wenyewe hufanywaje? Udongo huchimbwa, huchambuliwa mawe na mizizi, hulowekwa na kukandwa. Huchanganywa na mchanga, au na vigae vikuukuu vilivyopondwa, ili chombo kisipasuke motoni. Mfinyanzi hatumii gurudumu. Huviringisha udongo kama kamba na kuipandisha mzingo juu ya mzingo, au huuvuta kutoka katika donge moja, kisha hulainisha kuta kwa kipande cha kifuu au gamba la kombe. Chombo hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, kwani jua kali hukipasua. Mwishowe vyungu hupangwa pamoja, hufunikwa kuni, makumbi na majani makavu, na kuwashwa moto. Upepo ukigeuka vibaya, kazi ya wiki nzima huwa magae.

Chungu kilichopatikana kwa njia hiyo hakina sura ya kung'aa, lakini kina akili. Kitako cha mviringo hukaa imara juu ya mafiga matatu na kusambaza moto sawasawa. Mtungi usiopakwa dawa ya kioo huvuja jasho, na jasho hilo likikauka hupoza maji ya ndani. Hakuna ndoo ya plastiki inayoweza hayo.

Na bado ndoo imeshinda. Sufuria nayo haivunjiki mashuani, hubebwa kwa urahisi na hupatikana dukani. Kilichobaki cha udongo katika nyumba nyingi za visiwani ni chetezo cha kufukizia udi na ubani, na kwa wanaodumisha mapishi ya zamani, tanuri ya mkate wa mofa. Kwengineko pwani, kama Jomvu Kuu karibu na Mombasa na kisiwani Pemba, ufinyanzi wa akina mama umejulikana kwa muda mrefu. Lamu ikitajwa, watu hutaja milango ya kuchonga, majahazi, kofia za mkono na kazi za ngozi za Siyu. Ufinyanzi hautajwi.

Matamasha yamechangia hali hiyo bila kukusudia. Tamasha la utamaduni la Lamu, lililoanza mapema miaka ya 2000 wakati mji mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lina mashindano ya mashua na punda, bao, hina na mashairi. Yote hayo huanza na kumalizika mbele ya macho ya watazamaji. Ufinyanzi hauna mstari wa kumalizia. Anayetaka kuuonyesha katika siku tatu za tamasha atalazimika kuleta vyombo vilivyokwisha kukauka, na kuwapa watazamaji sehemu moja tu iliyo tamasha hasa: usiku wa kuchoma. Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi katikati ya miaka ya 1980 na sasa ni ukumbi wa maonyesho na mikutano, iko jirani na uwanja wa mji, na ufuo si mbali. Nafasi ipo.

Kwamba chombo cha udongo kinaweza kusimama peke yake katika ukumbi mkubwa si jambo la kubishaniwa tena. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga kwa mkono bila gurudumu, na kazi zake zimo katika British Museum. Mwaka 2017 maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yalifunguliwa katika jumba la Krannert la Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na mwaka uliofuata yakafika Washington, yakiwa na vitu vilivyoazimwa kutoka Kenya.

Kwa anayetaka kujionea mwenyewe, Shanga hufikiwa kupitia Siyu. Magae yametapakaa ardhini, na si vigumu kuyasoma. Lenye ngozi ya samawati au kijani inayong'aa lilitoka Ghuba. Lenye weupe mgumu unaolia likigongwa ni la Uchina. Jekundu au jeusi, lenye chembe za mchanga na pembetatu shingoni, ni la wenyeji wa mwanzo. Yasitiwe mfukoni: sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na haibagui sahani na chungu.