Kamba Ikikatika, Ngamia Huchinjwa?

Wiki chache zilizopita umeme wa jua ulizimika nyumbani kwangu hapa Kipsing, tarakilishi ikiwa katikati ya kupokea marekebisho mapya. Mawingu yalikuwa yametanda kwa siku mbili na betri imechoka. Nami, kunradhi, sikuwa na subira. Kulipokucha nilipokewa na kioo cha buluu na maneno machache ya Kiingereza: faili iitwayo winload.efi haipo, au ina hitilafu.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na hesabu ya michango ya kisima chetu kwa miaka sita. Madaftari yake yaliliwa na mchwa zamani.

Niliifunga tarakilishi katika blanketi, nikavuka mto wetu wa mchanga nikaenda mjini Isiolo. Fundi mmoja aliitazama kwa muda usiozidi dakika moja. "Mzee, hii ni ya kufomati. Rudi jioni." Na hesabu zangu je? "Hizo zitapotea, mzee."

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wetu wengi. Winload.efi ni faili ndogo ambayo kazi yake ni kukipakia kiini cha Windows mashine inapoamka. Kutoweka kwake hakugusi hata herufi moja ya hesabu zangu. Nani humchinja ngamia kwa kuwa kamba yake imekatika? Aghalabu fundi hufuta kwa sababu kufuta ni kazi ya saa moja isiyotaka fikira, na hasara si yake.

Nilikataa, nikarudi na mashine yangu. Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa na flashi ya gigabaiti 8 aliyoijaza programu ya kusimika Windows, ambayo Microsoft huitoa bila malipo. Tuliiwasha mashine kupitia flashi hiyo, tukachagua ukarabati badala ya usimikaji, tukafungua dirisha la amri. Kabla ya jambo lolote tulinakili hesabu za kisima katika flashi ya pili. Utaratibu huo usigeuzwe, kwani diski iliyojeruhiwa na umeme yaweza kufa mkononi mwako ukiitengeneza.

Ndipo tukaandika: sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows. Chombo hiki cha kukagua faili za mfumo kimekuwamo katika Windows tangu toleo la mwaka 1998. Windows za leo huweka akiba ya faili zake ndani ya diski yenyewe, na chombo hicho huchota humo kujaza pengo. Hakikuhitaji intaneti, jambo ambalo msomaji wa huku kwetu atalithamini. Angalia tu herufi ya diski, kwa maana ukiingia kwa flashi, C yaweza kuitwa D. Tulingoja muda mrefu, jicho langu likiwa kwenye betri. Mashine ikaamka.

Wako wanaoitafuta faili iliyopotea katika tovuti za wasiojulikana na kuipachika. Huko ni kumfungulia mgeni zizi usiku.

Jumamosi kamati ya kisima ilikutana, nikasoma hesabu zote. Flashi ya pili sasa iko kwa mweka hazina, ndani ya mkebe wa majani ya chai.