Hasira Ile Ilikuwa Aibu

Asubuhi moja nilikuwa mbele ya darasa la sita, nikiandika ubaoni hesabu ya kugawanya yenye mkato. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeiandaa kwa haraka. Nilipofika mwisho, mvulana wa benchi la tatu aliinua mkono, akasema kwa adabu yote: "Mwalimu, mkato hauko mahali pake." Wenzake wakacheka. Nikasikia joto linapanda shingoni, meno yakakazana, na kabla sijafikiri neno lolote, kinywa changu kilikuwa kimekwisha sema: "Toka nje, mtoto asiye na heshima! Usirudi ila pamoja na baba yako." Akatoka. Hakurudi siku ile, wala ya pili, wala ya tatu.

Wasomaji wapenzi, mtoto yule alisema kweli. Jioni ile ile niliifanya hesabu tena, nikauona mkato pale alipousema. Hata hivyo kwa siku tatu nilijiambia ya kuwa nimekasirishwa na utovu wa adabu. Siku ya nne tu nilikubali neno lililokuwa wazi tangu mwanzo: nilikuwa nimeona aibu. Aibu ile, ilipoona haiwezi kusimama yenyewe mbele ya watoto, ilivaa kanzu ya hasira.

Elimu ya kuyatambua mambo kama hayo ina jina. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey wa Chuo Kikuu cha Yale na John Mayer wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, waliandika juu ya akili ya namna nyingine, tusemeapo kwetu twaweza kuiita akili ya moyo. Mwaka 1995 mwandishi Daniel Goleman aliieneza duniani kwa kitabu chake. Tangu hapo wengi wamedhani kwamba mwenye akili hiyo ni mtu wa kutabasamu daima, asiyeudhika. Sivyo. Wale wawili wa kwanza walisema juu ya uwezo wa kuyatambua maono ya moyo, yetu na ya wenzetu, kuyaelewa yametoka wapi, na kuyaongoza.

Wala jambo lenyewe si geni kabisa. Katika karne ya 13 Mtakatifu Toma wa Akwino alihesabu maono 11 ya nafsi, akafundisha ya kuwa hasira haizaliwi peke yake: huzaliwa na huzuni ya kuumizwa, pamoja na tumaini la kulipiza. Seminarini tulilisoma fundisho hilo, tukajibu mtihani, tukapata alama nzuri. Kila usiku tulizoezwa kuchunguza matendo yetu ya mchana. Lakini kuuliza ni ono gani lililoyasukuma matendo hayo, mimi binafsi sikujizoeza.

Yafaa tujue jinsi jina linavyosaidia. Mwaka 2007 mtaalamu Matthew Lieberman na wenzake, huko Los Angeles, walitangaza jaribio la namna hii. Watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu, huku ubongo wao ukipimwa kwa mashine. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, ambayo hushtuka upesi mbele ya hatari. Walipochagua neno la kulitaja ono walilolisoma usoni, sehemu ile ilitulia, na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutusaidia kujizuia, ikafanya kazi zaidi. Walipochagua tu jina la mtu linaloufaa uso ule, la mwanamume au la mwanamke, utulivu huo haukuonekana kwa kadiri ile.

Na lugha yetu si maskini wa majina. Mtu mwenye haya hujizuia kabla ya kutenda baya. Mwenye aibu huumia baada ya kutenda, au baada ya kuonekana. Na fedheha ni aibu iliyotolewa hadharani. Hofu hujua inachokiogopa, bali wasiwasi huzunguka usiku kucha bila kukitaja. Wivu hulinda au hutamani. Kijicho huchukia tu kwamba jirani amepata. Kinyongo ni hasira iliyolala bila kufa. Tena kuna uchungu, neno tunalolitumia kwa mama anayejifungua na kwa mtu aliyesalitiwa na ndugu yake pia. Mwenye maneno hayo yote, naye akasema kila siku "nimekasirika" tu, ni kama fundi mwenye sanduku la vyombo anayetumia nyundo peke yake.

Mama anayefoka jikoni kila mwisho wa mwezi, pengine ana wasiwasi wa kodi ya nyumba. Mtoto anayevunja sahani tangu mdogo wake alipozaliwa, pengine ana wivu. Nasema pengine, maana hapa pana hatari. Baba anayemwambia mkewe "wewe una wivu tu" hajamsaidia. Amemtukana kwa maneno ya kitaalamu. La mwenzako huliulizi kwa kulitangaza. Wala si kila hasira ni kanzu. Mfanyakazi aliyefanya kazi miezi mitatu bila mshahara, hasira yake ni hasira ya haki, na jina lake ni hilo hilo.

Wengine hushauri kuimeza. James Gross, wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza, katika jaribio alilolitangaza mwaka 1998. Walioagizwa kuficha maono yao, nyuso zilitulia, lakini karaha ya ndani haikupungua, na miili yao ilisumbuka zaidi. Walioagizwa tangu mwanzo kuitazama filamu kwa jicho la utulivu, kama mtu anayechunguza jambo lisilomhusu, karaha yao ilipungua. Basi aliyemeza hasira hajaishinda, ameihamisha tu.

Siku ile ya nne nilikwenda kwa wazazi wa mvulana. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe. Baba alisimama aliponiona, akaanza yeye kuniomba radhi. Alikuwa amekwisha mpiga mtoto, na mtoto alikuwa sokoni akibeba mizigo ya watu.

Nikamwambia: "Baba, nimekuja kwa ajili ya kosa langu. Mwanao alisema kweli, nami nikaona aibu."

Alinyamaza kitambo. Mwisho akasema: "Mwalimu, nami nilipompiga sikuwa na hasira naye. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi umekaribia. Mimi sikuufikia. Niliogopa kwamba hata yeye hataufikia."

Mama hakusema kitu. Aliendelea na maharagwe yake, lakini niliona vidole vyake vimesimama.

Kesho yake mvulana alikuja, akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Niliandika ubaoni hesabu ile ile, na kosa lile lile. Nikaliambia darasa ya kuwa juma lililopita nilikosea, na kwamba aliyenisahihisha nilimfukuza kwa sababu niliona aibu. Kisha nikamwita, nikampa chaki. Alisita, akaniangalia usoni kwanza, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. Akaufuta mkato, akauweka mahali pake. Wenzake wakacheka tena, watoto ni watoto. Joto likapanda shingoni mwangu kama siku ile. Nikangoja lishuke, nikamwomba chaki, tukaendelea na hesabu ya pili.