Simu Janja na Saa za Mapumziko: Nani Aweke Mpaka?

Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie jambo ambalo halimo katika bajeti ya mradi wowote, lakini linamgusa kila mtumishi, kila kikundi na kila nyumba katika eneo letu la kazi. Jambo hilo ni simu janja na vifaa vingine vilivyounganishwa na mtandao, kama vile vishikwambi na kompyuta mpakato, na jinsi vinavyobadilisha uhusiano kati ya kazi na maisha ya nyumbani.

Mara nyingi teknolojia husifiwa kwa faida zake tu, au hulaumiwa kwa kuharibu vijana. Makala hii inataka kueleza jambo lingine. Vifaa hivi vimeondoa mipaka ya kazi ambayo zamani iliwekwa na mazingira yenyewe, na mipaka mipya haitajiweka. Ni lazima iwekwe kwa makubaliano, na wenye wajibu wa kuanza ni wale walio na mamlaka ya kuagiza.

Mipaka ya zamani

Kabla ya simu za mkononi, kazi ilikoma kwa sababu ambazo hakuna aliyehitaji kuzijadili. Ofisi ilikuwa na simu ya mezani, vituo vya mbali vilitegemea simu ya upepo, na barua ilisubiri katika sanduku la posta. Mtumishi aliyevuka maji kwenda Ukerewe hakupatikana mpaka arudi, wala hakuna aliyemwita mvivu kwa sababu hiyo. Jua likizama, faili lilibaki mezani.

Kwa wavuvi wa dagaa mpaka uliwekwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi pia taa za betri na za nguvu za jua, kwa kuwa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa hupoteza nguvu na dagaa hutawanyika. Ndiyo maana katika siku zinazozunguka mwezi mpevu mitumbwi mingi huegeshwa ufukweni, nyavu hushonwa, na wavuvi hurudi kwa familia zao. Hakuna tajiri wa mtumbwi aliyetunga utaratibu huo, na hakuna anayeweza kuufuta.

Simu ilipofika

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza mwaka 1994. Huduma ya M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008, na WhatsApp ilianzishwa Marekani mwaka 2009. Mwishoni mwa mwaka 2024 takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zilionyesha laini za simu zaidi ya milioni 80 nchini, wakati Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Laini ni nyingi kuliko watu kwa sababu wengi wetu tuna laini mbili au tatu.

Tuseme wazi kwamba nafuu iliyopatikana ni kubwa. Taarifa ya mradi kutoka Nansio hutumwa kwa dakika chache, bila mtu kulala safarini. Mwanakikundi hulipa hisa yake akiwa shambani. Mama mjamzito aliyeko kisiwani huombewa usafiri kabla hali haijawa mbaya. Mchuuzi wa dagaa anajua bei ya soko la Mwaloni, Kirumba, kabla hajapakia magunia. Hatuandiki makala hii ili watu warudi kwenye simu ya upepo.

Namna mpaka ulivyofutika

Hata hivyo, kifaa kilekile kinachomwokoa mtumishi safari ya kwenda ofisini ndicho kinachoiingiza ofisi chumbani kwake. Tueleze namna inavyotokea, maana hakuna aliyeamua iwe hivyo.

Kwanza, ni makundi ya WhatsApp. Mtumishi mmoja wa ngazi ya jamii anaweza kuwa katika kundi la idara, kundi la mradi, kundi la kata na kundi la wafadhili waliotembelea. Tangazo la msiba, maagizo ya kikao na picha za vichekesho huingia kwa mlio uleule. Hawezi kujua lipi ni la haraka mpaka afungue yote.

Pili, ni alama za kuonekana. Tangu mwishoni mwa mwaka 2014 WhatsApp huonyesha tiki mbili za bluu ujumbe unaposomwa. Zamani mtu aliweza kusoma barua, akatafakari usiku, akajibu kesho. Leo anayesoma bila kujibu huhesabiwa kuwa amedharau.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, ujumbe hauna uzito mmoja kwa pande zote mbili. Mratibu au mkuu wa idara hukumbuka jambo saa 4 usiku, akaandika ili asilisahau. Hakusudii lifanyiwe kazi usiku ule. Lakini anayeupokea ni mtu ambaye mkataba wake unaisha Desemba, na ambaye hupendekezwa au hakupendekezwa na huyohuyo aliyeandika. Ataamka, atawasha kompyuta na kutafuta takwimu. Kilichokuwa kumbukumbu kwa mkubwa kimekuwa amri kwa mdogo. Kesho yake mkubwa atashukuru kwa majibu ya haraka, na tangu siku hiyo saa 4 usiku imekuwa saa ya kazi.

Mzigo huu hauwaangukii wote sawa. Mtumishi mwanamke anaporudi nyumbani huanza zamu ya pili: kupika, kuogesha watoto, kusimamia masomo yao. Simu ikilia, hushika mwiko kwa mkono mmoja na taarifa ya mwezi kwa mkono mwingine. Tena, ujumbe wa saa 5 usiku kutoka kwa bosi mwanaume, hata ukiwa wa kuulizia risiti tu, unaweza kumletea maneno na mume wake. Katika huduma ya ushauri wa ndoa, simu imekuwa chanzo cha mashaka ambacho hakiwezi kupuuzwa. Anayeandika usiku hana budi kujua kwamba haandikii mtu mmoja, anaandikia nyumba.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imeweka mambo yafuatayo:

(a) Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi 6.
(b) Kazi ya ziada ifanyike kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki 4, na ilipwe angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.
(c) Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, mfanyakazi apate mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo.
(d) Kila wiki apate mapumziko ya angalau saa 24.

Msomaji atazame neno "mfululizo". Mtumishi aliyefunga kazi saa 11 jioni anastahili kutoguswa na kazi hadi saa 11 alfajiri. Akiitwa saa 4 usiku kuandaa jedwali, mapumziko yake yamekatwa katikati, hata kama hakutoka nyumbani. Sheria hii ilitungwa kabla ya simu janja kuenea, kwa hiyo haitaji ujumbe wa usiku, lakini shabaha yake inaeleweka.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba masharti hayo ya saa hayawahusu wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Maana yake, aliye na uwezo wa kutuma ujumbe usiku ndiye asiyelindwa na mipaka hiyo, na amezoea kuishi bila hiyo. Ni rahisi asahau kwamba wengine wanayo.

Nchi nyingine zimeanza kulitafutia jambo hili jina lake. Ufaransa ilitunga sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2017, ikitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya saa za kazi. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2022 mswada wenye shabaha hiyo ulipelekwa katika Seneti.

Siyo suala la starehe tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti wa pamoja ulioonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Saa mbili za simu kila usiku, kwa siku 5, ni saa 10. Ziongezwe juu ya 45 za kisheria, tayari tumefika 55.

Wale wasio na mwajiri

Ushauri wa kuzima simu ni mwepesi kwa mwenye mshahara. Tuchukue mfano wa mama anayenunua dagaa visiwani na kuwauza Kirumba. Mitumbwi inarudi alfajiri, na bei hupangwa kwa simu kabla ya mapambazuko. Akikosa simu moja, mzigo unachukuliwa na mwingine. Vivyo hivyo wakala wa fedha kwa simu, ambaye kamisheni yake hutokana na kila muamala, na mwendesha bodaboda anayeitwa na wateja wake usiku. Kwa watu hawa kutopatikana ni kukosa unga.

Hata mapumziko ya mbalamwezi yameguswa. Mitumbwi imeegeshwa, lakini tajiri aliyeko mjini anapiga kuulizia nyavu, hesabu na mafuta. Mwezi unaweza kuusimamisha mtumbwi, simu hauiwezi.

Kwa kundi hili dawa si amri bali ni ushirika. Kikundi cha wachuuzi kinaweza kupanga zamu, mmoja apokee bei kwa niaba ya wenzake usiku huu, mwingine kesho. Laini mbili, ambazo wengi tayari wanazo, zinaweza kugawanywa: moja ya biashara na moja ya nyumbani, na ile ya biashara ipumzishwe kwa saa zinazojulikana na wateja. Mteja akizijua saa za wakala, huzifuata, kama anavyofuata saa za kivuko.

Nini kifanyike

Kwa taasisi, sharika na vikundi vyenye watumishi, tunapendekeza hatua hizi ambazo hazihitaji mfadhili:

1. Kanuni moja iliyo wazi: jambo la dharura hupigiwa simu, na ujumbe wa maandishi husubiri asubuhi. Kanuni hii humwondolea mtumishi hofu, kwa sababu anajua kwamba simu isipolia hakuna kilichoungua.

2. Kila kundi la kazi liwe na saa zake, kwa mfano kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Msiba na vichekesho viwe na kundi lingine.

3. Zahanati, vituo vya watoto na huduma nyingine zisizolala ziwe na orodha ya zamu iliyoandikwa. Aliye zamu apatikane. Asiye zamu aachwe.

4. Kiongozi akikumbuka jambo usiku, aliandike katika daftari, au aandae barua pepe na kuipangia muda iondoke asubuhi. Programu nyingi za barua pepe zinaruhusu hivyo.

5. Watumishi wafundishwe kutumia vifaa vyao. Simu nyingi zina sehemu ya kuzuia usumbufu, ambayo hunyamazisha milio lakini huruhusu namba chache zilizochaguliwa, kama ya mzazi mgonjwa. Kundi la WhatsApp pia linaweza kunyamazishwa bila kujitoa.

6. Siku ya mapumziko itajwe kwa jina. Kwa watumishi wa kanisa Jumapili ni siku ya kazi, na wachungaji wengi hupumzika Jumatatu. Wazee wa kanisa waijue siku hiyo na kuilinda, wasiitumie kumtafuta mchungaji kwa kuwa "leo ana nafasi".

Hitimisho

Kwa hesabu ya Katekisimo yetu, siku ya mapumziko imo katika Amri ya Tatu, na katika Maandiko pumziko hilo linatajwa kwa ajili ya mtumwa na mgeni pia, si kwa mwenye nyumba peke yake. Serikali nayo mwaka 2024 ilipumzisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Kama ziwa linahitaji kuachwa ili liendelee kutulisha, mtumishi anayetulishia kondoo na kutuandikia taarifa anahitaji zaidi.

Basi tunawaomba wakuu wa idara, wachungaji, walimu wakuu na viongozi wa vikundi waliweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho cha watumishi. Liulizwe swali moja tu: baada ya saa ngapi hatutatafutana? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na anayeongoza kikao awe wa kwanza kulitii.