Nduthi ya Guka Inatetemeka? Pima Springi za Kabureta Kabla Fundi Azikate

Msee, kama umeachiwa Honda CB350 ya guka hapo Karatina, ikisimama inanguruma poa lakini ukiongeza mafuta inatetemeka kama mashine ya posho, anza na springi.

Model hiyo ilitoka 1968 hadi 1973. Silinda mbili, kila moja na kabureta yake. Ndani kuna pistoni inayopandishwa na mvuto wa hewa ya injini, na springi nyembamba inaisukuma chini. Springi moja ikilegea, pistoni yake inapanda mapema, silinda moja inakimbia na nyingine inabaki nyuma.

Fundi wengi wa jua kali huweka hizo springi mbili kwa meza. Fupi inavutwa, ndefu inakatwa. Hapo ndio umechomwa! Springi ukiikata hailegei, inakuwa ngumu zaidi. Kata nusu, ugumu unakuwa mara mbili. Na hiyo ya kuvutwa italala tena tu.

Tafuta mizani ya jikoni, ile ya dijitali inayosoma gramu moja moja, na rula. Simamisha springi juu, weka kifuniko bapa juu yake, rudisha mizani kwa sufuri. Bonyeza mpaka springi ibaki milimita 60, soma. Shuka hadi 50, soma tena. Rudia mara tatu, juu mkono hutetemeka.

Tuseme ya kwanza imesoma gramu 120 kisha 180. Ya pili, 90 kisha 150. Zote zinaongeza gramu 6 kwa kila milimita, so waya ni sawa, ya pili imelala tu kwa milimita 5. Nunua mbili mpya, usibadilishe moja. Lakini kama ongezeko lenyewe ni tofauti, kuna mjanja alikata au aliweka ya nduthi ingine.

Ukiwa hapo, mulika pia mpira wa pistoni. Ukitoboka, hata springi mpya haitasaidia.

Kwa Yamaha AG100 mambo ni serious zaidi, juu springi ya kabureta ndio hufunga mafuta ukiachilia mkono. Hutaki ikwame ukiteremka kuelekea Sagana. Zima injini, zungusha mkono hadi mwisho, achilia. Lazima urudi kwa kishindo, usukani ukiwa kushoto na pia kulia. Ukirudi polepole, anza kulaumu kebo yenye vumbi kabla ya springi.