Kwenda ng'ambo kukimbia kwa ajili ya maskini: tiketi inalipwa na nani?

Tangu vita iwatupe wandugu wetu wengi wa Kivu katika kambi, vijana wa makanisa yetu wanatuuliza: tunasikia mtu anapanda ndege, anakwenda nchi ya mbali, anakimbia siku nyingi, na maskini wanapata msaada. Inafanyikaje? Wazee nao wana swali lao, na kwetu ndilo lenye uzito zaidi: kwa nini fedha ya tiketi isipelekwe moja kwa moja kwa wenye njaa?

Tuangalie mtu mmoja aliyepita hata katika nchi yetu. Russ Cook ni kijana Mwingereza wa mji wa Worthing. Alitaka kukimbia Afrika yote, tangu ncha moja hadi ncha nyingine. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kuanzia Tunisia na kushuka kusini, lakini viza ya Aljeria ilimzuia. Basi akageuza safari: akaenda Afrika Kusini, na mwezi wa nne 2023 akaanzia Cape Agulhas, mahali bara linapoishia. Huko Angola yeye na wenzake waliokuwa na gari walinyang'anywa mali yao kwa bunduki. Alipita Kongo yetu upande wa magharibi, akaendelea hadi Afrika ya Magharibi, na viza ileile ya Aljeria ikakaribia kumsimamisha tena. Alifika Ras Angela, Tunisia, tarehe 7 Aprili 2024, baada ya siku 352 na nchi 16. Ni zaidi ya kilometa 16,000. Barabara ya Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilometa 120. Ihesabuni zaidi ya mara 130.

Sasa, miguu yake haikutoa hata senti moja. Fedha ilitoka kwa watu waliokuwa wakimfuata kwenye simu siku kwa siku, nao walitoa zaidi ya pauni milioni 1. Ilikusudiwa mashirika mawili: moja linasaidia vijana wasio na makao huko Uingereza, lingine linasaidia Wasahara walio katika kambi za wakimbizi Aljeria. Kukimbia ni kama kengele ya kanisa: inaita watu, lakini si yenyewe ibada.

Si Wazungu peke yao. Mwaka 2013 Mkenya Jim Nyamu alikwenda Marekani, akatembea kwa miguu kutoka Boston hadi Washington kuwaomba watu waache kununua pembe za ndovu. Yeye alivuka bahari kwa sababu wanunuzi walikuwa huko. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kusafiri: kuna watu kule ambao hawatasikia ukibaki nyumbani. Kama watoaji wako wako Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, kwa nini uende kuanzia ng'ambo?

Kuhusu tiketi, sisi tunasema wazi: mifuko iwe miwili. Safari, viza, pasiporti, kadi ya manjano ya chanjo, viatu na chakula vilipwe na mdhamini anayejua kwamba analipia safari, au na mkimbiaji mwenyewe. Toleo la maskini lisiguswe. Mama aliyetoa franka 500 kwa ajili ya mtoto wa kambini hakutoa kwa ajili ya ndege.

Paulo alilijua jambo hili. Makanisa ya Makedonia na Akaya yalichanga kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, naye akafunga safari ndefu kuipeleka fedha. Lakini hakutaka kuishika peke yake. Someni 2 Wakorinto 8: Tito anatumwa pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kunung'unikia. Mtume mzima anakubali kuhesabiwa! Wachungaji tunaokasirika tukiombwa hesabu, hapo pana jambo la kutafakari.

Kwa vijana wetu, njia ya ahadi kwa kilometa inawezekana kabisa. Waamini 20 wakiahidi kila mmoja franka 500 kwa kilometa, na kikundi kikapokezana kilometa 120 kwa siku kadhaa, hiyo ni franka 1,200,000. Majina ya walioahidi yaandikwe kabla ya mbio, maana baada ya mbio watu husahau. Fedha iingie katika namba moja ya simu iliyo chini ya watu watatu, na karatasi ya waliopokea kambini isomwe mbele ya kanisa.

Barabara yenyewe mnaijua: malori ya shaba, vumbi, madereva waliochoka. Wakimbie asubuhi mapema, wakitazama magari yanayokuja, na pikipiki moja iwafuate yenye maji na dawa. Wanaotaka kujaribu kwanza wanaweza kuanza na Likasi hadi Kambove.