Gari ya spoti wakati wa theluji: kuilaza ao kuiendesha?

Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja ukiingia, wapenda gari wa mji wa Montréal, inchini Canada, wanarudilia ubishi ule ule. Mtu amejinyima miaka mingi ili anunue gari ya spoti. Sasa baridi inafika. Aifungie ndani mpaka mwezi wa ine, ao aiendeshe mwaka mzima kama gari nyingine?

Wenye kulaza gari hawaogopi baridi yenyewe. Wanaogopa chumvi. Theluji ikianguka, malori ya mji yanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na maji yale ya chumvi yanarushwa na magurudumu mpaka chini ya gari. Yanaingia kwenye viungo vya mabati, yanakaa humo, yanakula chuma polepole. Gari iliyopita masika kumi ya namna hiyo inaweza kungaa juu kama ya bibi arusi, na chini iwe sufuria iliyotoboka.

Serikali za huko zinawaelewa watu hao. Katika jimbo la Québec, mwenye gari anaweza kutangaza kwamba ameilaza, na haitatembea barabarani mpaka atakapoirudisha. Ujerumani, tangu mwaka 1997, kuna namba za gari zilizoandikwa miezi pembeni: 04 juu na 10 chini, maana yake gari inatembea toka mwezi wa ine mpaka mwezi wa kumi, na kodi pamoja na bima vinalipwa kwa miezi hiyo tu.

Lakini kulaza nako kuna bei yake. Batri inakufa isipounganishwa na umeme. Mipira ya magurudumu inabonyea mahali pamoja kwa kubeba uzito bila kuzunguka. Panya wanaingia kwenye motere na kutafuna nyaya. Na mwenyewe, aliyelipa makuta mengi ili aende mbio, anangojea basi kwenye baridi kali pamoja na jirani zake.

Ndipo upande wa pili unaposema: gari ni ya kuendesha. Hao huanza na mipira. Québec inalazimisha mipira ya wakati wa baridi toka tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe 15 mwezi wa tatu. Anayekamatwa bila hiyo analipa faini ya dola 200 mpaka 300 za Canada. Mpira unaokubaliwa una alama ya mlima wenye ncha tatu na chembe ya theluji ndani yake. Sababu yake si ya karatasi tu. Gari nyingi za spoti zinatoka kiwandani na mipira ya joto, na baridi ikishuka chini ya digri 7 hivi, mpira huo unaanza kuwa mgumu na kushika barabara vibaya. Tena ni mpana sana, na mpira mpana unaelea juu ya theluji badala ya kuikata. Kwa hiyo wanaoendesha mwaka mzima wananunua seti ya pili, nyembamba kidogo.

Ubishi unapamba moto wakifika kwenye magurudumu mane yanayosukuma. Mwenye Subaru Impreza ao Porsche 911 Carrera 4 atajisifu kwamba yeye hakwami hata siku moja. Ni kweli, gari ya namna hiyo inaondoka vizuri kwenye barafu. Lakini kusimama ni habari nyingine. Kila gari, hata ya bei rahisi, inafunga freni kwa magurudumu mane, na kinachoishika chini ni mpira peke yake. Shofa anaona gari imetoka kwa urahisi, anadhani barabara ni nzuri, anaongeza mbio. Kwenye kona ya kwanza anajua ukweli. Mtu mwenye gari ndogo ya magurudumu mawili yanayosukuma, akiwa na mipira ya baridi, anasimama mapema kuliko yule tajiri mwenye mipira ya joto.

Kwamba gari ya spoti inaweza kuvumilia njia mbaya, hilo halihitaji kubishaniwa sana. Porsche 959 ilishinda mbio za Paris-Dakar mwaka 1986, katikati ya mchanga. Na ushuhuda mwingine uko karibu zaidi na Kongo. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 huku Afrika ya Mashariki, zilikuwa zinafanyika wakati wa Pasaka, mvua ikiwa nyingi na matope yakifika milangoni. Mwaka 1971 zilishindwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Wote wawili waliendesha Datsun 240Z: gari ya viti viwili, motere mbele, magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayosukuma. Mwaka ule wa 1973 Mehta alilingana pointi na Harry Källström, mwenye Datsun nyingine, na ushindi akapewa yeye kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Hata hivyo, gari zile zilikuwa zimetayarishwa: bamba la chuma lilikinga motere kwa chini. Gari ya dukani ingeacha tumbo lake kwenye jiwe la kwanza, kama inavyoonekana kwa yeyote anayeingiza gari fupi kwenye kartie za Goma zenye mawe ya volkano.

Goma na Bukavu hazina theluji, lakini chumvi ile inafika. Gari nyingi zilizotumika zinazoingia mashariki ya inchi kupitia Mombasa na Dar es Salaam zinatoka Japani, na huko kaskazini, kama kisiwa cha Hokkaido, barabara zinamwagiwa chumvi kama Montréal. Mnunuzi anazunguka gari, anapenda rangi, anawasha motere, anasikiliza, analipa. Chini hajainama.

Mafundi wanaojua kazi wanaanza chini. Wanatazama mirija myembamba inayopeleka mafuta ya freni nyuma, kwani kutu ikiitoboa, freni inazama mguuni bila onyo, na mteremko wa Bukavu haungojei. Wanatazama pia kama kuna rangi nyeusi mbichi iliyopakwa juzi chini ya gari ya miaka kumi na tano. Kisha wanagonga chasi kwa turnevisi. Chuma kizima kinalia. Kilichokwisha liwa kinatoa sauti ya karatasi, na mara nyingine turnevisi inapita upande wa pili.